Lugha, Bao na Kompyuta: Hatua za Mwanzo za Kumwandaa Mwalimu wa Sayansi ya Kompyuta katika Pwani ya Mtwara

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu ufundishaji wa kompyuta katika shule za Tanzania umezoea kuanza na kuishia kwenye vifaa. Huulizwa shule ina mashine ngapi, umeme umefika au haujafika, na mtandao unapatikana kwa kiasi gani. Maswali hayo ni halali, hasa katika eneo kama pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na vijiji vya delta ya Ruvuma, ambako gesi asilia ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kuanza kuzalisha umeme katika miaka ya 2000, ilhali kuwa jirani na kisima cha gesi si sawa na kuwa na taa darasani. Hata hivyo, kuna swali lililo karibu zaidi na taaluma ya Kiswahili ambalo huulizwa kwa nadra: mwalimu aliyesomea Hisabati, Fizikia au Jiografia, akikabidhiwa somo la kompyuta bila ya kulisomea, ataanza kulieleza kwa maneno gani?

Makala haya yanalishughulikia swali hilo. Yanadai kwamba kikwazo cha kwanza cha mwalimu anayeanza ni cha dhana na lugha, na kwamba sarufi ya Kiswahili, pamoja na mambo ambayo mwanafunzi wa Mtwara ameyaona nyumbani, inampa mwalimu huyo nyenzo ambazo hazijatumiwa ipasavyo.

2.0 Usuli

Historia ya kompyuta nchini ni ya kusuasua. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku ambayo baadaye ililegezwa na hatimaye kuondolewa. Kwa hiyo kizazi kizima cha walimu kilipita vyuoni bila ya kuiona mashine hiyo. Muhtasari wa somo la kompyuta kwa shule za sekondari ulitolewa mwishoni mwa miaka ya 1990; Sera ya Taifa ya TEHAMA ikafuata mwaka 2003, na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupatiwa kompyuta. Mtwara mjini ina vyuo viwili vya namna hiyo, Mtwara Kawaida na Mtwara Ufundi. Mtaala uliofanyiwa marekebisho mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2024 umelipa somo hilo jina la Sayansi ya Kompyuta katika sekondari ya kawaida, badala ya jina la awali lililounganisha habari na kompyuta.

Badiliko hilo la jina si dogo. Kwa muda mrefu somo lilielekea zaidi kwenye matumizi: kuwasha mashine, kuchapa barua, kutengeneza jedwali, kutaja sehemu za kompyuta. Sayansi ya kompyuta ni jambo lingine. Inahusu namna tatizo linavyovunjwavunjwa katika hatua, namna taarifa zinavyowakilishwa, na namna ya kujua kama utaratibu fulani utafika mwisho. Uingereza ilijikwaa papo hapo. Mwaka 2012 ripoti ya Royal Society ilikosoa vikali hali ya ufundishaji wa kompyuta katika shule za nchi hiyo, na Septemba 2014 shule za England zikabadili somo la TEHAMA kuwa somo la kompyuta lenye uandishi wa programu tangu darasa la kwanza. Walimu maelfu wakajikuta wanafundisha wasichokisomea. Mwalimu wa Nanyamba au Madimba anayejiona mpweke katika fadhaa hiyo, basi, ana wenzake wengi, na katika nchi tajiri.

3.0 Istilahi: shibe na njaa

Ni kosa kudhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Kinayo mengi, na pengine mengi mno. Kwa mashine yenyewe kuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kwa kifaa cha kuelekezea kuna kipanya na puku. Kwa neno la siri kuna nenosiri na nywila. Mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, ikiwa ni programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata na toleo lake. Kazi hizo zilikuwa na thamani kubwa, lakini istilahi zilizozalishwa zilikuwa za menyu: fungua, hifadhi, chapisha, bandika. Yaani zilikuwa istilahi za mtumiaji. Mwalimu anayetaka kueleza dhana ya sayansi yenyewe hubaki na njaa katikati ya shibe hiyo.

Mfano mmoja unatosha. Kwa dhana ya kiwakilishi kinachobeba thamani inayoweza kubadilika, vitabu vya hisabati vina neno kigeu. Ni neno zuri kisarufi, lakini mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza hulisikia pamoja na ndugu yake kigeugeu, yaani mtu asiyeaminika, na darasa hucheka. Mwalimu anayeanza huogopa kicheko hicho, akakimbilia neno la Kiingereza. Ingekuwa heri akitumie: kigeu hakiaminiki kubaki na thamani ileile, na hiyo ndiyo maana yake hasa.

Inafaa pia kutazama jinsi istilahi moja ilivyofaulu bila ya kampeni. Neno kishikwambi lilikuwa geni masikioni mwa wananchi wengi kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi, na baada ya sensa vifaa hivyo vikakabidhiwa kwa walimu. Neno likasafiri pamoja na kitu, na kitu kikasafiri pamoja na tukio ambalo kila kaya ilikuwa na sehemu yake. Watunzi wa istilahi wana la kujifunza hapo kuliko katika orodha zao.

4.0 Sarufi kama msaidizi wa mwalimu

4.1 Kiambishi -ki- na maamrisho mawili

Lugha za kuandikia programu, kama vile Python, hutofautisha wazi maamrisho mawili. La kwanza hupima sharti mara moja: likiwa kweli, kitendo kinafanyika, na programu inaendelea mbele. La pili hupima sharti, hutenda, hurudi kupima tena, na kuendelea hivyo mpaka sharti likome kuwa kweli. Katika Kiswahili cha kawaida kiambishi -ki- hubeba yote mawili. Sentensi “Mtungi ukiwa na nafasi, mimina kata moja” inaweza kumaanisha kwamba mtu atazame mara moja na kumimina mara moja. Yaweza pia kufahamika kwamba aendelee kumimina kata mojamoja kwa muda wote ambao nafasi ipo. Msikilizaji huamua kwa muktadha. Mashine haina muktadha.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, na mwalimu asiyejua chanzo cha kosa hudhani hawana akili ya kompyuta, kumbe wanatafsiri kwa uaminifu kutoka lugha yao. Dawa haiko mbali. Kiswahili kina iwapo kwa sharti linalopimwa mara moja, na kina maadamu kwa sharti linaloshikilia kitendo. “Iwapo mtungi una nafasi, mimina kata moja” na “Maadamu mtungi una nafasi, mimina kata moja” ni amri mbili tofauti, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuzitofautisha kwa mtungi na kata mbele yake. Neno mpaka nalo hugeuza sharti: kumimina maadamu kuna nafasi ni sawa na kumimina mpaka mtungi ujae. Mwalimu aliyezoea kubadilisha sentensi hizi mbili darasani atakuwa amefundisha ukanushaji wa sharti bila ya kutaja alama hata moja.

4.2 Ni na iwe

Mwalimu wa Hisabati hukwazwa na mstari ambao programu huutumia kila mara, unaosema kwamba x ni sawa na x kujumlisha moja. Katika algebra huo ni upuuzi. Katika programu ni agizo la kuchukua thamani iliyopo, kuiongeza moja, na kuirudisha mahali pale pale. Tatizo limetokana na alama, kwa kuwa alama ya usawa imekopwa kufanya kazi mbili. Kiswahili hakikopi. “Bei ni 3000” ni taarifa, na yaweza kuwa kweli au si kweli. “Bei iwe 3000” ni agizo lililo katika dhamira tegemezi, na haliulizwi ukweli wake. Mwalimu akiwazoeza wanafunzi kusoma mistari ya aina ya kwanza kwa ni na ya aina ya pili kwa iwe, atakuwa amewavusha mto ambao wanafunzi wa lugha nyingine huvuka kwa taabu. Tofauti kama hiyo ipo, kwa kiasi, kati ya au linaloruhusu yote mawili na ama… ama linalolazimisha moja.

4.3 Korosho na kolosho

Lipo jambo dogo ambalo linaweza kumpotezea mwalimu wa pwani hii kipindi kizima. Kimakonde hakitofautishi l na r kwa namna ambavyo Kiswahili sanifu hutofautisha, na baadhi ya wanafunzi huandika wanavyotamka. Binadamu akisoma kolosho anaelewa korosho na kuendelea na safari. Kompyuta ikikuta kigeu kilichoitwa bei_ya_korosho katika mstari wa pili na bei_ya_kolosho katika mstari wa tano, husimama na kutangaza kwamba haikitambui. Si haki kulifanya jambo hili kuwa kichekesho cha kabila. Ni nafasi ya kuonyesha kwamba mashine hulinganisha herufi, haisikii sauti, na kwamba jina lolote linafaa ilmradi libaki vilevile. Mwanafunzi aliyeandika kolosho mahali pote hana kosa lolote mbele ya kompyuta.

5.0 Darasa lisilo na mashine

Mwaka 1998 Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walitoa kitabu cha michezo na mazoezi ya kufundishia sayansi ya kompyuta bila ya kompyuta, na njia hiyo imeendelezwa tangu hapo kutoka Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Hutumia kadi, kamba, chaki na miili ya wanafunzi wenyewe. Kwa shule yenye mashine chache njia hii ni mwanzo bora, lakini kuihamisha jinsi ilivyo hakutoshi, maana mifano yake ilitungwa kwa watoto wa kwingine. Mtwara ina yake.

Wa kwanza ni bao. Bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, jumla mashimo 32, na kete 64. Mchezaji katika hatua ya namua huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Anapotakata bila ya kula, huchukua kete zote za shimo, huzisambaza moja moja, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete huzichukua hizo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala. Katika maelezo haya mafupi umo mzunguko wenye sharti la kusimama, na umo pia upekee: kete ya mwisho ikiishia katika nyumba iliyo hai, usambazaji hukoma ijapokuwa shimo si tupu. Mwanafunzi anayeombwa kuandika kanuni hizo kwa hatua ambazo mtu asiyejua bao anaweza kuzifuata atagundua mwenyewe kwamba alisahau upekee wa nyumba. Hapo amefanya kazi ya mwandishi wa programu: kusahihisha.

Ubao huohuo unafundisha uwakilishi wa taarifa. Safu moja ina mashimo manane, na baiti moja ina biti nane. Ikikubaliwa kwamba shimo ama ni tupu ama lina kete moja, na kwamba mashimo kutoka kulia yana thamani 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, safu hiyo inaweza kuonyesha namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Herufi kubwa M, katika mfumo wa kawaida wa kompyuta, ni 77. Kete nne zinatosha kuiandika: katika mashimo ya 64, 8, 4 na 1. Mwanafunzi aweza kuandika jina la mkoa wake kwa kete.

Mwalimu atakayeulizwa kwa nini kompyuta isihesabu kwa makumi kama watu wote ana jibu karibu. Si watu wote. Katika Kimakua, kinachozungumzwa pande zote mbili za Ruvuma, sita husemwa kwa kuunganisha tano na moja. Mfumo una nguzo katika tano. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliandika kwa kina juu ya mifumo ya namna hiyo. Kiswahili chenyewe kilikopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, na kuyaacha tandatu, fungate na kenda yabaki katika lahaja, katika ushairi na, kwa upande wa fungate, katika harusi. Mwanafunzi ambaye bibi yake anahesabu kwa matano amekwisha kukutana na wazo kwamba nguzo ya kuhesabia ni makubaliano.

Mfano wa pili ni mnada wa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani mwaka 2007, mauzo kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU yamekuwa jambo la hadhara. Zabuni zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima. Kila msikilizaji alifanya jambo moja akilini: alishika bei ya juu kabisa iliyokwisha kusomwa, akailinganisha na inayosomwa sasa, na kuibadili pale tu ilipozidiwa. Huo ni utaratibu kamili wa kutafuta thamani kubwa katika orodha, na unahitaji kigeu kimoja tu. Hapa inabidi tahadhari moja, kwani mfano wa korosho hutumiwa vibaya. Kutenga korosho za daraja la kwanza na la pili ni kuainisha, si kupanga kwa mfuatano. Gunia la daraja la kwanza halina mpangilio wowote ndani yake. Mwalimu anayeyachanganya mambo hayo mawili atajikuta pabaya atakapofika kwenye mada ya upangaji.

Kwa utafutaji, kamusi inatosha. Kitabu chenye kurasa 1000 kikifunguliwa katikati, na nusu isiyohusika kuwekwa kando, na nusu iliyobaki kugawanywa tena, ukurasa unaotakiwa hupatikana kwa migawanyo isiyozidi kumi. Sharti lake ni kwamba maneno yawe yamepangwa kialfabeti, jambo ambalo mwanafunzi hulitambua haraka akipewa daftari la mahudhurio lililoandikwa ovyo.

6.0 Kati ya lugha ya kuelezea na lugha ya mtihani

Pingamizi zito dhidi ya yote yaliyoelezwa ni kwamba mtihani wa sekondari uko kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitoa matumaini ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia sekondari, na maneno ya amri katika lugha za programu ni ya Kiingereza vilevile. Ina faida gani, basi, kumfundisha mwanafunzi maadamu ambalo hatalikuta katika karatasi ya mtihani?

Pingamizi hilo huchanganya kujua neno na kujua jambo. Maneno ya amri ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anahitaji katika Python hayafiki ishirini. Yanaweza kukaririwa kwa wiki moja kama alama za barabarani. Kisichokaririka ni tofauti ya dhana zilizo nyuma yake. Mwanafunzi aliyeielewa kwa Kiswahili atalivaa neno la Kiingereza kama kanzu juu ya mwili. Aliyekariri neno tu ana kanzu bila ya mwili. Aidha, zipo nyenzo zinazosaidia kipindi cha mpito. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, inaweza kuonyesha vipande vyake vya amri kwa Kiswahili, na inafanya kazi hata katika kishikwambi. Mwalimu anaweza kuibadili lugha ya vipande hivyo mbele ya wanafunzi, programu ileile ikibaki mahali pake bila ya kubadilika chochote.

7.0 Nani amshike mkono mwalimu

Semina za siku tatu mjini, zenye bahasha na cheti, hazijamtosheleza mwalimu wa somo lolote, sembuse somo jipya. Mwalimu anahitaji mtu wa kumuuliza wiki inayofuata, baada ya somo kumharibikia. Vyuo viwili vya ualimu vya Mtwara mjini, pamoja na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilichoanzishwa mwaka 2009, vina wakufunzi na wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha shuleni. Kumwoanisha mwanachuo aliyesoma kompyuta na mwalimu mwenyeji anayejua kufundisha lakini hajui kompyuta kungewafaa wote wawili, na hakuhitaji mashine mpya. Idara za Kiswahili zingepaswa kuwamo katika mpango huo tangu mwanzo, na si kuitwa mwishoni kuhakiki tahajia.

Linabaki suala la heshima. Mwalimu wa pwani hii amelelewa katika mila ambamo anayefundisha ni anayejua, na kukiri mbele ya watoto kwamba programu imekataa kunaweza kuonekana kama aibu. Lakini katika kazi hii programu hukataa kila siku, hata kwa mabingwa. Mwalimu anayesoma ujumbe wa kosa kwa sauti, akaugeuza kwa Kiswahili, na kuuliza darasa mstari gani unashukiwa, hufundisha zaidi kuliko yule aliyeficha skrini. Wakufunzi wangefanya vyema kuliweka zoezi hilo katika juma la kwanza, kwa programu iliyoharibiwa makusudi.

Umuhimu wa hayo hauko shuleni peke yake. Katika msimu wa korosho wa 2024/2025 minada ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima wa Tandahimba aliyezoea kusikia zabuni zikisomwa, akishika bei ya juu kichwani mwake, sasa anaoneshwa matokeo kwenye skrini. Anataka kujua namba ile imepatikanaje, na mtu wa kwanza atakayemuuliza jioni, korosho zikiwa zimekwisha kuuzwa, ni mtoto wake aliye kidato cha pili.